Ng'ombe tisa wa baba, na dola za sandukuni

BARUA

Mshauri, kama umenizidi umri basi shikamoo, na kama ni mdogo wangu pokea salamu za mama.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Nilitimiza miaka 60 Januari 2025, baada ya kushika chaki miaka 39. Mafao yangu yaliingia mwezi Machi, shilingi milioni 52, na pensheni ya kila mwezi juu yake. Namba kama ile sijawahi kuiona kwenye simu yangu. Usiku ule sikulala, na tangu hapo usingizi wangu si ule wa zamani.

Baba yangu alikuwa mfugaji hapa hapa Ugogo. Mwaka 1978 nilikuwa darasa la sita, na pale nyumbani ni mimi peke yangu niliyejua kusoma vizuri. Shuleni tulifundishwa faida za kuweka akiba benki, nami nikarudi nyumbani na somo langu kama lilivyo: ng'ombe hufa, ng'ombe huibiwa, hela ya benki haifi na inazaa. Nilimwimbia baba wiki nzima. Mwisho akauza ng'ombe tisa mnadani, akapata shilingi 6,300, tukapanda basi kwenda Dodoma mjini, yeye amejifunga lubega na koti juu yake. Fomu nilijaza mimi, yeye akaweka dole gumba. Tukapewa kitabu kidogo chenye jalada la buluu. Njiani kurudi alinipa nikishike mimi.

Umeshajua yaliyofuata. Mwaka 1988, nimeshaajiriwa, baba alinituma nikaangalie salio. Lilikuwa shilingi 5,400 na ushei. Wiki ile ile mnadani dume la wastani lilikuwa linakwenda kwa zaidi ya elfu kumi na mbili. Yaani ng'ombe tisa waliingia benki, haikutoka hata nusu ya ng'ombe mmoja. Baba alikipokea kile kitabu, akakitazama kama vile anasoma, akasema, "Haya mwanangu," akakirudisha sandukuni. Alifariki mwaka 1994 bila kunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Kitabu hicho ninacho, na hivi ninavyoandika kiko mbele yangu. Ile 6,300 imeandikwa kwa kalamu ya wino. Kuna faida ya kila mwaka, na mistari mitano ya kutoa: 700, 600, 600, 600 na 1,200, ya mwezi wa kwanza mwezi wa kwanza, kuanzia 1980 hadi 1984. Halafu basi, hakuna kilichoguswa tena. Watu walikuwa wanamsifu kwa kuwa na binti aliyefaulu kwenda sekondari ya bweni mwaka 1980 na chuo cha ualimu mwaka 1984, kumbe binti huyo huyo ndiye aliyemfilisi zizi.

Sasa hela iko mikononi mwangu mwenyewe na kila mtu ana neno. Mume wangu, tuna miaka 35 pamoja, anataka tuchukue milioni 30 tununue mahindi na alizeti wakati wa mavuno, tuweke ghalani hadi Januari. Anasema soko liko mlangoni kwetu, tusipoingia sisi ataingia nani. Mdogo wangu anataka ninunue viwanja Nala, Dodoma, kabla havijapanda tena. Na kijana wetu wa pili, ambaye anauza vipuri vya simu Kariakoo, kila akipiga simu ananiambia, "Mama, shilingi ni barafu, ukiishika inayeyuka. Nunua dola." Alinikumbusha mwaka 2023, dola zilivyoadimika hadi wafanyabiashara wenzake wakawa wanazitafuta kwa tochi. Maneno hayo, Mshauri, yalinikuta na kidonda cha baba.

Sikukuu ya Pasaka kijana alikuja na rafiki yake anayeuza dola. Nilinunua dola 3,000 kwa 2,720 kila moja. Shilingi milioni 8 na laki moja na sitini. Hakuna risiti. Noti thelathini za mia mia, nimezifunga kwenye nailoni kwa sababu ya mchwa, nikaziweka kwenye sanduku la bati la marehemu baba, chini ya vitenge, pamoja na kile kitabu. Mume wangu hajui. Aliponiuliza mafao mwezi Machi nilimwambia ni milioni 44, maana tayari moyoni ile nane nilikuwa naitafutia maficho. Sijawahi kumdanganya kwenye hela kabla ya hapo.

Mwezi Septemba nilikwenda Dodoma kliniki ya presha, nikapita benki. Ubaoni dola wananunua chini kidogo ya 2,450. Nilihisi miguu si yangu. Nikaingia kwenye duka la fedha za kigeni na noti kumi nilizobeba kama mfano. Binti wa pale akazipitisha kwenye mashine, akazigeuza, akatenga nne pembeni. "Mama, hizi ni za kichwa kidogo, za zamani. Hizi hatuchukui." Nikazirudisha kwenye pochi nikaondoka.

Nifanye nini? Niziuze kwa hasara, au nizishike kwa sababu shilingi itashuka tu kama enzi za baba? Nimwambie mume wangu? Na zile milioni 44 ambazo bado zimekaa kwenye akaunti ya kawaida, nazo ndio zinayeyuka? Naogopa kurudia kosa lile lile mara ya pili, na safari hii sina utoto wa kusingizia.

Mwalimu, Kibaigwa

JIBU

Shikamoo Mwalimu. Wewe ni mkubwa wangu, kwa hiyo salamu ya mama nimeipokea na shikamoo nimerudisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona dola. Mara ya pili nikamwona mume wako. Ya tatu nikamwona mtoto wa miaka kumi na tatu ndani ya basi, ameshika kitabu cha buluu kwa mikono miwili. Nadhani mambo haya matatu umeyafunga kwenye nailoni moja, na ndiyo maana kila ukitaka kutoa moja yanatoka yote. Niruhusu niyatenganishe. Utaona mwenyewe lipi lirudi sandukuni na lipi lisirudi.

Nianze na lile unaloliita kosa lako. Unasema shilingi ilishuka ikala ng'ombe wa baba. Kwa sehemu ni kweli. Mwaka 1978 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 8. Mwanzoni mwa 1986 ilikuwa karibu 17, mwaka ule ule serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa ikavuka 40, na mwaka 1988 ikawa karibu 100. Lakini Mwalimu, baba yako hakuwa ananunua kitu kwa dola. Kilichomla ni bei za hapa hapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978, mafuta yakapanda bei duniani, viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Bidhaa zikaadimika. Mimi nilikuwa mdogo, ila nakumbuka kusimamishwa kwenye foleni ya duka la kaya kumshikia mama nafasi ya sabuni, na sabuni ikaisha mbele ya macho yangu. Katika miaka ile ya themanini bei zilikuwa zinapanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka, na faida ya kitabu cha baba yako haikukaribia hapo. Shilingi iliposhushwa rasmi mwaka 1986, bei za mtaani zilikuwa zimeshatangulia zamani.

Nakueleza haya kwa sababu ukikosea aliyekuuma, utakimbia unyasi na kumkanyaga nyoka. Swali lililomhusu baba yako lilikuwa "hela hii mwakani itanunua nini mnadani?" Dola haikuwamo. Na nahisi swali lako wewe leo ni hilo hilo. Hebu chukua daftari, uandike matumizi yako ya mwezi mmoja. Unga, mboga, dawa za presha, nauli ya kliniki, sukari, mchango wa msiba, ada ya mjukuu kama yupo. Vyote unalipa kwa shilingi. Kweli, baadhi vinafuata dola kwa nyuma. Petroli na dizeli ukisikia bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, pale kuna dola ndani yake. Dawa nyingi zinatoka nje. Bati na simu vilevile. Mahindi ya Kibaigwa, maziwa, kuku, fundi wa kuziba paa, hivyo vinafuata mvua na jirani zako kuliko vinavyofuata dola. Ukishaorodhesha utajua ni sehemu gani ya maisha yako inayoyumba dola ikiyumba. Huenda ni ndogo kuliko hofu yako.

Mwaka 2025 mfumuko wa bei nchini umekuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka. Kati ya 3 na ile 30 ya enzi za baba yako kuna umbali mkubwa. Sisemi hautapanda tena, sina mamlaka hayo. Nasema hali uliyoiona mwaka 1988 siyo hali iliyoko mezani kwako leo.

Kijana wako je? Nisingependa umwone mjinga, wala umwone tapeli. Yeye ananunua mzigo kutoka China. Anauza kwa shilingi, anaagiza kwa dola. Dola ikipanda kabla hajaagiza, mtaji wake umepungua kweli kweli, na ule uhaba wa mwaka 2023 aliupitia na wenzake Kariakoo. Kwake yeye kushika dola ni kushika mzigo wa kesho. Alichofanya ni kukupa dawa yake mwenyewe bila kukuuliza unaumwa nini. Watoto wetu wanatupenda hivyo, wakati mwingine.

Kuhusu shilingi yenyewe, ukiitazama kwa mbali kijana yuko sahihi. Mwaka 1990 dola ilikuwa chini ya 200, mwaka 2000 karibu 800, mwaka 2015 ikavuka 2,000. Majirani zetu wa Malawi, Novemba 2023, walilala dola ikiwa kwacha 1,180 wakaamka ni 1,700. Kwa hiyo hofu yako haina upuuzi ndani yake. Ila ukiitazama kwa karibu, shilingi haishuki kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2024 ilifika zaidi ya 2,700 kwa dola, ikamaliza mwaka karibu na 2,400. Pasaka ya 2025 ikawa imerudi huko juu karibu na 2,700, na Septemba ukaikuta ulikoikuta. Miezi ya mwanzo wa mwaka watalii ni wachache na mazao hayajauzwa nje, dola zinapungua. Nusu ya pili watalii wanakuja, korosho na mazao mengine yanatoka, dhahabu inauzwa, zinaongezeka. Wewe ulinunua mwezi ambao kila mtu alikuwa na hofu kama yako, tena ukamlipa rafiki wa kijana zaidi ya bei ya benki.

Sasa hizo noti thelathini. Naona njia tatu, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kuzishika. Ukifanya hivyo, zishike ukijua kwamba dola iliyoko sandukuni haizai hata senti, mchwa wa Kongwa hawajui tofauti ya fedha, na mwizi hahitaji kubeba mzigo mzito. Mwaka 2025 tumeona Benki Kuu ikiondoa noti zetu za zamani, za tangu 1985 hadi 2003 pamoja na ile ya mia tano ya 2010, na muda wa kuzibadilisha ukaisha tarehe 5 Aprili. Najua bibi mmoja jirani yangu aliyekuja na soksi yake wiki mbili baadaye. Dola za kichwa kidogo ni jambo la namna hiyo hiyo. Kwao Marekani bado ni halali, ila maduka yetu hayazitaki au yanazinunua kwa bei ya kutupa, na huyo rafiki wa kijana bila shaka alilijua hilo. Na tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei wala kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, kwa hiyo kwa dola hiyo hutalipia kitu Kibaigwa wala Dodoma. Siku ukiihitaji lazima uibadilishe kwanza, kwa bei ya siku hiyo.

Unaweza kuzipeleka benki ukafungua akaunti ya fedha za kigeni. Hapo zitakuwa salama na mchwa, na kama mna mpango wa matibabu India au kijana wa tatu anasoma nje, ina mantiki kabisa. Wataangalia kitambulisho chako na huenda wakauliza zimetoka wapi. Jibu ukweli. Uliza makato ya kila mwezi kabla hujasaini, maana akaunti ndogo makato yanaitafuna taratibu.

Au unaweza kuziuza, zote au nusu, benki au kwenye duka lenye leseni. Hasara yake inazidi laki nane kwa bei ya Septemba, na zile za zamani zitaongeza. Inauma. Popote utakapoamua, tafadhali usirudi kwa yule rafiki. Biashara ya fedha bila leseni ni kosa kisheria, na siku akikuachia noti bandia huna risiti wala pa kushitaki. Kabla hujaamua, jiulize hivi: kama leo usingekuwa na dola hata moja, una hizo milioni saba na ushei mkononi, je ungetoka asubuhi kwenda kununua dola? Ukijibu ndiyo kwa utulivu, zishike. Kama jibu linakwama kooni, basi kinachozishika dola hizo ni aibu ya laki nane.

Mahindi ya mume wako yananipa raha na wasiwasi kwa pamoja. Raha, kwa sababu ana jambo analolijua. Mtu aliyekaa Kibaigwa miaka yote hiyo anajua gunia la Juni na gunia la Januari vinatofautiana nini, na chakula ni akiba ambayo mfumuko wa bei hauili kirahisi. Baba yako angemwelewa haraka kuliko angemwelewa kijana wa Kariakoo. Wasiwasi ni hiyo milioni 30. Ni zaidi ya nusu ya kila kitu ulichonacho kwenye ghala moja, mazao mawili, msimu mmoja. Dumuzi. Unyevu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na mnunuzi makini siku hizi anapima. Mara kadhaa huko nyuma serikali imefunga mipaka mahindi yasitoke, bei ikaanguka kwa wiki chache. Na mvua zikiwa nzuri kote, Januari inakuja bila ile bei. Muulize mume wako angeanza na magunia mangapi kama hela ingekuwa yake peke yake. Muulize pia mifuko isiyopitisha hewa ameshapiga hesabu yake, na ghala la nani, na nani analala pale. Akijibu vizuri, utajua umekaa na mfanyabiashara. Akikasirika, pia utajua kitu.

Viwanja vya Nala nitavipita haraka. Ardhi ya Dodoma imewapa watu wengi utajiri tangu serikali ihamie, na imewapa wengine kesi, kiwanja kimoja wenye nacho watatu. Usitoe hata laki kabla ofisi ya ardhi ya jiji haijakuonyesha namba ya kiwanja kwenye ramani na jina la anayekuuzia. Halafu kumbuka kiwanja hakinunui dawa ya presha. Ukiumwa Jumanne huwezi kuuza robo yake Jumatano.

Zile 44 kwenye akaunti ya kawaida nazo ziangalie. Mfumuko ukiwa asilimia 3 haziyeyuki kama barafu ya kijana, ila zinapungua polepole, na kwa umri wako polepole ina maana. Vilevile, benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mteja hadi shilingi milioni 7.5 tu, kwa hiyo kuziweka zote benki moja ni jambo la kulifikiria. Unaweza pia kuikopesha serikali ikulipe na faida: kuna dhamana za muda mfupi zinazoanzia shilingi laki tano, na hatifungani, za muda mrefu, zinazoanzia milioni moja, za miaka miwili hadi 25. Faida ya zile ndefu imekuwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, inalipwa kila miezi sita, na unanunua kupitia benki yako au dalali mwenye leseni. Kuna mifuko ya uwekezaji ya pamoja, ambamo watu wengi wanaweka hela zikawekezwa kwa niaba yao, kama ile ya UTT, taasisi ya serikali, ambapo unaweza kuingia na kidogo na kutoka ndani ya siku chache. Wastaafu wengi ninaozungumza nao wameridhika huko.

Lakini wewe hasa sitakuficha, kwa sababu ya yaliyompata baba yako. Hatifungani ya miaka 25 ni binamu ya kile kitabu cha buluu. Faida yake imeandikwa leo na haibadiliki. Mfumuko ukibaki ulipo, umepata. Ukirudi kwenye 20 au 30, karatasi hiyo itafanya kile kile kitabu kilichofanya, na ukitaka kuiuza mapema utaiuza kwa bei pungufu. Wenye hofu yako huchukua za miaka michache, au huchanganya. Na pensheni yako ya mwezi nayo ni shilingi, haipandi kila sukari inapopanda, kwa hiyo upande wa shilingi tayari umesimama kwa mguu mmoja. Hapo ndipo magunia machache ya mume wako, au hata mbuzi, yanaanza kuonekana kama mguu wa pili. Ng'ombe pia, ingawa mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipoupiga mkoa wetu huu wa Dodoma kuliko mwingine wowote, mifugo ilikufa na watu wakafa nayo. Kwa hiyo hata zizi halikuwa salama kama unavyolikumbuka. Somo ulilolileta nyumbani, kwamba ng'ombe hufa, halikuwa la uongo.

Sasa mume wako. Miaka 35, na uongo wa kwanza wa hela. Naelewa ulivyofanya. Wanawake wengi wa kizazi chako mlifundishwa kuwa na fundo kwenye kona ya khanga, na fundo hilo limelisha nyumba nyingi. Sina haja ya kukulaumu. Ila umesema huwezi kulala, na nina shaka kama kinachokuamsha ni bei ya dola. Ukimwambia, huenda akaudhika, tena hasa kwa kuwa kijana alijua na yeye hakujua. Huenda akatumia hasara yako kama fimbo ya kudai ile milioni 30. Hiyo ni hatari ya kweli, ifikirie kabla hujafungua mdomo. Usipomwambia, kuna siku utaugua wewe au utasafiri, mtu atafungua sanduku kutafuta kitenge, na kitakachomuumiza hapo hakitakuwa dola. Wewe ndiye unayemjua. Je, anapokasirika hukasirika kwa siku moja au kwa mwaka? Kama ni siku moja, labda jioni fulani, chai imeshanywewa, unaweza kuanza na habari ya ng'ombe tisa. Nahisi hajawahi kuisikia yote.

Na hapo narudi kwa mzee wetu, Mungu amrehemu. Mwalimu, umekuwa ukikisahihisha kile kitabu kwa kalamu nyekundu miaka 37, na nadhani kuna mistari umeiruka. Umeniandikia mwenyewe. Mia saba, Januari 1980. Mia sita, Januari tatu zinazofuata. Elfu moja na mia mbili, Januari 1984. Halafu hakuna kilichoguswa tena. Wewe ulianza sekondari ya bweni mwaka gani? Chuo cha ualimu ulikwenda mwaka gani? Nani alinunua blanketi, sanduku la shule, viatu, nauli ya kwenda na kurudi, wakati sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni? Kama zile hela zingekuwa zizini, kila Januari angelazimika kuuza ng'ombe mzima, katikati ya msimu wa mvua, watu wa ukoo wamekaa wanamuuliza kwa nini anauza ng'ombe kwa ajili ya msichana. Benki hakuna aliyemuuliza. Jumla ya mistari ile mitano ni 3,700. Kwa bei aliyouzia mwaka 1978, hiyo ni zaidi ya ng'ombe watano.

Sijui alichokifikiria aliposema "Haya mwanangu". Mama yako, kama bado yupo, huenda anajua. Kama hayupo, labda shangazi au kaka mkubwa aliyekuwa anachunga siku zile. Nenda kawaulize kabla hujagusa hizo noti, na wewe mwenyewe kifungue tena kile kitabu, mchana, usisubiri usiku, uweke kidole kwenye kila Januari. Kisha uniandikie. Nataka kujua ya mahindi pia.